Ubashiri wa Zamu ya Usiku

Wikendi yao huanza yetu ikishakwisha.
Jumamosi usiku, Mabela inapiga pasi kanzu za kazini,
nami nawasha taa za duka la dawa,
nafungua daftari la insulini ukurasa wa nyuma kabisa
na kuandika: mechi nne.

Ya kwanza, saa saba u nusu.
Tai wa Philadelphia, Simba wa Detroit.
Kwa majina tu ningempa Simba.
Lakini walinzi wao watatu wamefungwa bandeji,
na goti lililovimba, mimi najua,
haliponi kwa kushangiliwa.
Tai, kwa pointi sita.

Ya pili, saa kumi na moja na robo, Kansas City na Houston.
Adhana itaikata robo ya kwanza.
Nitaswali stoo, kati ya maboksi ya Panadol,
nikirudi Kansas City watakuwa wameshasogea.
Hushinda kama dada mkubwa anayegawa halwa:
hana pupa, hana kelele,
sinia likizunguka, kipande chake ndicho kinene.
Siwapendi. Nawaandika.

Anaingia dereva wa lori, anataka dawa ya kikohozi
isiyoleta usingizi. Anachungulia simu yangu.
"Hawa wanapigania nini?"
"Yadi kumi. Wanapewa nafasi nne."
"Nne!" anasema. "Jana wadi ilifurika.
Mimi nilipewa moja."

Ya tatu ni kesho, saa sita ya usiku.
Wafungasha nyama wa Green Bay
wanawapokea Kondoo Dume wa Los Angeles.
Kondoo kajipeleka mwenyewe, tena kwenye theluji.
Wafungasha, kwa kumi. Tusipoteze wino.

Ya nne.
Nyati wa Buffalo, Kunguru wa Baltimore,
Jumatatu, saa tisa u nusu alfajiri,
na hapa kalamu inakwama.

Harith alikwenda Buffalo kusoma miaka minne.
Huu ni wa tisa. Anatengeneza lifti,
anapandisha na kushusha watu asiowajua.
Mchezo huu alinifundisha kwa simu,
vijiko vyekundu huku, vijiko vyeupe kule,
kifuniko cha sukari ndio mpira.
Msimu huu tumepeana ahadi (si kamari, ni ahadi):
Nyati wakitolewa, anakata tiketi,
Ramadhani anafuturu Mabela.
Wakishinda, nitamweleza Mama mimi.

Mama hajui yadi wala robo.
Kila Januari anauliza swali moja:
"Hao nyati wake, washakufa?"

Basi nimemtumia, kwa mizani, kama alivyotuzoesha Baba:

*Nyati ana pembe mbili, Kunguru ana mabawa,*
*Nyati amechoka mwili, uchovu hauna dawa,*
*Robo tatu 'tahimili, ya mwisho atazidiwa,*
*Kakangu, usijadili: ndege haitangojewa.*

Kajibu kwa picha: theluji mpaka nusu ya dirisha,
jezi juu ya sweta, sweta juu ya sweta.
Chini yake: "Vina vimekaa. Nyati kwa moja."

Na ukweli, ukitaka ukweli,
nimewatazama tangu Septemba.
Mrushaji wao ni mzima, bega halina kovu.
Wanacheza kwao, baridi ni yao, kelele ni yao.
Ningekuwa nasoma cheti cha daktari
bila kumtazama mgonjwa usoni,
ningetoa dawa iliyoandikwa: Nyati.

Nimeandika Kunguru.
Kwa tatu, mkwaju wa sekunde ya mwisho,
upepo ukigeuka dakika hiyo hiyo.
Wino umepenya upande wa pili,
kwenye jina la mzee wa nyumba ya kona
na vipimo vyake vya sukari.

Simu inalia. Ni Mama, hajalala.
"Bado," namwambia kabla hajauliza.
"Bado, Mama. Ila wanakohoa."