Mita ya Gesi

Bradford, 1931. Nyumbani kwa Bi. Thirkettle
mita ya gesi hula shilingi, haikopeshi wala haina haya.
Usipoilisha, moto na taa hufa pamoja.

Tulikuwa watano mezani, Novemba,
ukungu wa viwanda vya sufu umeegemea dirisha
kama mdai.

Szentirmai, karani wa reli zamani
katika mji ambao sasa umepewa jina jingine,
alimwaga chumvi mezani, akaivuta kwa kidole: mto Danubi.
"Wote tunaokunywa maji haya tu jamaa moja.
Tuunde shirikisho. Ila kwanza nirudishiwe mji wangu."
Dragoescu akasukuma sahani:
"Shirikisho, naam. Ila mpaka usisogee hata unywele."
Kratky, muuza vifungo, mtu wa hesabu,
akasema tuanze na kidogo: sukari ipite bila ushuru,
makaa yapite,
bendera zitazoeana zenyewe.
Peshut aliuliza jambo moja tu, akaliuliza mara tatu:
mji mkuu utakuwa wapi,
na funguo za ghala atashika nani?

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Hivyo alisema mama. Mimi, mchochea boila,
shamba la kulima sikuwa nalo Bradford;
nilichukua mabakuli nikaosha.

Moto ukapepesa, ukazimika. Taa nayo.
Hakuna aliyeinuka.
Kila mmoja alikumbuka nani aliweka jana, nani juzi,
nani aliota moto wa wenzake tangu mwaka wa kumi na tisa.
Wakavaa makoti, wakaendelea gizani,
na sauti ya Peshut: wapi, lakini, wapi?

Mimi nilikuwa na gazeti,
lile lililofungiwa samaki wangu wa kukaanga.
Nilikuwa nimeona, kabla ya giza, majina ninayoyajua:
Kenya, Uganda, Tanganyika.
Waheshimiwa wa London walikuwa wakipima
kama inafaa kutufunga kitita kimoja,
posta moja, reli moja, gavana juu ya magavana.

Nikatumbukiza shilingi yangu, ya mwisho hadi Ijumaa.
Mwanga ukarudi. Wakashangilia, hawakushukuru,
wakarudi kwenye mto wao,
ambao asubuhi Bi. Thirkettle angeufuta kwa kitambaa kibichi
akinung'unikia bei ya chumvi.

Nikalinyoosha gazeti chini ya taa.
Mafuta ya samaki yalikuwa yamelowesha safu nzima,
pale pale palipoandikwa
wenyeji, walipoulizwa, walijibu nini.