Gia ya Pili

Miaka ishirini na sita nimepita njia hii
na boksi la chanjo mgongoni, mbio,
ng'ombe wa watu wasife kabla sijafika.
Leo sina boksi.

Kutoka Makang'wa gia ya pili inatosha.
Vumbi, lililozoea kunikimbiza, limenipita,
linanisubiri konani.
Mizabibu imepogolewa juzi, visiki vyeusi
vimepinda kama mwandiko wa darasa la kwanza.

Karibu na Handali mbuzi wanavuka.
Nazima injini.
Chuma kinapoa, ta, ta,
na nyuma yake kimya kinaumuka.
Mbali huko mtu anagonga debe,
kwelea wanainuka juu ya uwele,
wanatua palepale.

Namuuliza mchungaji, Lechipya mtoto wa Chilongola:
"Kilima kile, chenye mawe yaliyobebana,
kinaitwaje?"

Anacheka mpaka fimbo inamtoka.
"Bwana Mifugo! Si ulikuwa unalala kwetu wewe?"

Ananitajia.
Nalirudia jina, nakosea,
ananisahihisha, nakosea tena,
na kilima kimetulia tu,
hakina neno.

Mbuzi wamekwisha kuvuka.
Hata mkia wa mwisho umeingia kichakani.
Sijawasha.