Kidole cha Dobrinka

Kazanlak, mwezi Mei, kabla ya jua,
bibi alichuma waridi bila glavu;
glavu, husema, ni za wenye shaka.
Mwiba ukazama kwenye gumba.
Akafyonza, akatema, akaendelea.

Mwiba wa kujichoma hauna pole,
lakini mwili hausikii methali:
usiku chembe nyeupe zikanusa wageni,
zikapiga yowe ndani ya damu,
mishipa ikalegeza milango,
gumba likaiva kama nyanya.
Joto: thelathini na tisa na nusu.

Mimi hupima damu hospitalini Plovdiv.
Ninachokiogopa si bakteria tu,
ni yowe lisilojua kukoma.
Nimeshika vichupa vya watu
waliomalizwa na walinzi wao.

Sindano ya daktari ilisaidia, sikatai.
Nami nilishika kifundo chake, nikihesabu.

Alfajiri, jasho.
Zile zile zilizoita vita
zilikuwa zimeanza kutoa neno jingine, dogo:
basi.
Kisha zikameza maiti za wenzao, kimya,
kama wanaofagia ukumbi baada ya harusi.

Bibi akafumbua jicho moja.
"Gunia langu limepimwa?"
"Kilo kumi na mbili."
"Wamenipunja."