Kinyume, Itoke Sawa

Kisahani kilitoka kwenye mzigo wa kaguwa,
cheupe, kizito kuliko sahani ya ugali.
Kahindo alikisugua kwa sabuni,
akamimina gundi kwenye karai,
matone ya bluu, na ile nyekundu
iliyobaki kwenye harusi ya Masika.
Kwa sindano akachora mlango, dirisha moja,
bati lililokunjika upande wa jiko.
Yote kinyume, itoke sawa.
Nyumba ya nani?
Akakilaza kifudifudi. Tusiguse mpaka kesho.

Asubuhi nilikwaruza kwa kucha:
rangi haiko juu, imeingia.

Majengo, juu ya mawe ya volkano,
akakirusha kwa mkono wa kushoto.
Kikapinda, kikagota, kikalala.
"Sogeza kidogo," alisema.
"Jiko lilikuwa pale."