Kisichongoja Mundu

Wanasema mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mbalimbali.
Mama yangu Logose, aliyepanda Kaiso, Supa na Sindano
katika maji yaleyale ya Manafwa,
huitikia kwa mguno.
Supa ikiwa jikoni, jirani anajua una mgeni.
Kaiso ni ya wachimba mitaro, inakaa tumboni hadi jioni.
Sindano ni ya kuuza.

Na kuna wa nne, usiopandwa na mtu.
Hujiotea kando ya mfereji, mrefu, wenye ndevu,
punje nyekundu kama kutu ya jembe.
Uguse tu, unapukutika.
Mama huung'oa na mizizi; mizizi hurudi.
"Mwizi huyu," husema, "anakula mbolea yangu,
kisha siku ya mavuno anamwaga kila kitu matopeni."

Mimi kazi yangu iko Namulonge, kwenye kibanda cha wavu.
Alasiri nakata ncha za maua kwa mkasi wa kucha,
natoa chavulio sita, kimoja kimoja, kwa koleo,
navika suke mfuko wa karatasi,
naandika kwa penseli: mama huyu, baba yule, tarehe.
Kesho yake saa nne na nusu, jua likishafungua maua,
natikisa baba juu ya mama.
Basi. Harusi yenyewe ndiyo hiyo.

Zamani sana, mbali na hapa,
mtu mwenye kikapu alipita majini.
Kilichopukutika kilibaki topeni.
Kilichong'ang'ania suke kilikwenda naye nyumbani,
na msimu uliofuata ndicho kilichopandwa.
Hakukusudia. Alikuwa na njaa, na giza lilikuwa linaingia.
Mikono kama ile, miaka elfu kwa maelfu,
na mpunga ukasahau namna ya kuanguka.
Baadaye tukachagua cheupe, tukachagua kifupi,
tukachagua kiwahicho kuiva,
kila uchaguzi ukifunga mlango nyuma yake,
hadi ukoo mzima ukapitishwa tundu la sindano,
na upande wa pili yakatokea
majaruba elfu yenye uso mmoja.

Uso mmoja huugua ugonjwa mmoja.
Mwaka juzi manjano yaliingilia kwa Higenyi,
yakavuka tuta baada ya tuta,
majani madoadoa, masuke matupu yamesimama wima,
hayana uzito wa kuyainamisha.
Kando ya mfereji, mwizi alikuwa kijani.

Ndiyo sababu nilirudi Butaleja na bahasha kumi,
nikimtafuta.
Mama alicheka hadi akakaa chini.
"Karo yako niliilipa kwa kuung'oa huo.
Leo unaukodishia pikipiki?"
Tuliutembea mfereji wote. Ulikwisha kukarabatiwa:
saruji, saruji, kiatu cha mtoto, saruji.
Jua lilikuwa limeinama aliposema, bila kunitazama,
"Nyuma ya choo."

Kishina kimoja, kirefu kunizidi.
Sikuuliza. Akajibu hata hivyo:
mwaka wa njaa bibi yako alitandaza shuka chini yake
akautikisa alfajiri, kabla ya ndege.
Tulikula huo.
"Haukuwa mtamu," akasema,
akanishikia bahasha mdomo wazi.

Maua mia mbili na kumi na mawili. Matatu yalishika,
nikayalea kwenye chupa kama watoto njiti.
Mche mmoja ulikufa usiku umeme ulipokatika.
Wa pili ni tasa.
Wa tatu una majani kumi na moja, hauna doa,
na jana, nilipousogeza nisome lebo,
ulimwaga punje nne sakafuni.
Nilipiga magoti, nikapekua kila ufa.
Nimepata tatu.