Tola Mbili

Mwaka wa njaa, babu Tribhovan, karani wa ghala,
alihesabu mtama gunia kwa gunia
asidokoe hata punje.
Raja akamtunuku nishani ya fedha, tola mbili:
huku uso wake, huku jua,
na utepe mwekundu
uliotia shati doa siku ileile.

Ufalme ukafutwa kwa saini moja.
Utepe ukaliwa na mende.

Jiwe la mizani lilipopotea dukani,
bibi Monghi akaipeleka nishani kwa sonara.
Tola mbili, kasoro punje.
Hakusema neno.
Akabandika nta kidogo juu ya jua.

Tangu hapo Raja hulala kifudifudi
kwenye kitanga cha shaba,
akiwapimia wajane bizari,
na hampunji mtu.