Hesabu za Betri

Lugha yetu ilimhurumia kabla yetu.
Alisikia baridi, ile ya Julai inayoshuka Rungwe
na kulala ndani ya blanketi kama mgeni asiyeaga.
Alisikia njaa. Alisikia harufu ya kande
akiwa bado kwenye migomba ya kina Mwaipyana.
Jina lake tu ndilo hakulisikia.
Atuganile, Atuganile: nililitupa mgongoni mwake
miaka sita, likadondoka nyuma ya visigino.

Tukamwita mkaidi.
Asiyesikia la mkuu, alianza baba yake, fimbo ikamalizia.
Sikio la kufa, alisema jirani,
na mimi, niliyemzaa, nikaitikia kwa kichwa.
Hilo nalo liandikwe. Deni la kwanza.

Mbeya, hospitali ya rufaa, kijana mwenye miwani
alimvika vidude masikioni, akamwonyesha kwa ishara
ainue mkono kila asikiapo mlio.
Mkono ulikaa pajani. Ulikaa.
Kisha akaandika bei kwenye kikaratasi,
akakifunika kifudifudi kabla ya kunisogezea.

Magunia thelathini na moja ya viazi.
Kwa sikio moja.
Shamba langu, mwaka ukiwa na adabu, hutoa kumi na manne.

Jumatano kikundi kikafungua sanduku:
funguo tatu, wanawake watatu, kimya.
Tusekile akasema fedha ya mbolea si ya kuchezea.
Hakukosea. Mvua haimngoji mtu.
Ndipo Nsubisi, asiye na mtoto,
akahesabu hisa zake, akazisukuma katikati ya mkeka:
"Zangu saba. Mbolea yangu mwaka huu ni huyu."
Hakuna aliyelia. Tusekile akachukua kalamu,
akaandika, akakosea tarakimu, akafuta, akaandika tena.
Riba nusu. Miezi kumi na minane.

Siku ya kwanza aliogopa hatua zake mwenyewe.
Akakanyaga. Akasimama. Akakanyaga.
Aliuliza nani anatafuna ndani ya kichwa chake.
Ni wewe, nikamwambia, ni hindi.
Mvua ilipopiga bati alikimbilia nje, mvuani,
nasi tukakifuta kifaa kwa kanga
kabla ya kumfuta yeye.

Hakuna aliyetuambia kwamba kusikia kunakula.
Betri, kidonge kidogo kuliko punje ya hindi,
hufa siku ya tisa.
Kwa hiyo tuna daftari.
Hesabu, darasani: washa.
Kuosha vyombo: zima.
Mahubiri ya Mzee Ambilikile, yasiyojua njia ya kurudi nyumbani:
zima baada ya zaburi. Nilikiona kidole chake
kikipanda sikioni pale kanisani,
nikamwonea wivu.
Baba na mama wakigombana: zima.
Huo mstari aliuongeza mwenyewe, kwa penseli.

Baba yake huomba dakika tano za jioni.
Hana la kusema. Humwita jina tu.
"Abee," huitika.
Humwita tena.

Usiku kifaa hulala kwenye kopo la mchele mkavu
kwa sababu ya ukungu wetu, unaoingia popote,
naye hurudi kule alikokuwa.
Nikimgusa bega gizani husikia mkono.

Marejesho saba bado.
Jana nilikuwa uani nachambua mbegu,
viazi vimetandazwa mpaka mlangoni.
Akainua kichwa. "Mama, mvua."
Anga jeupe, nikasema. Zima, unamaliza betri.
Hakuzima. Alishika gunia, akaanza kuzoa,
na mimi nimesimama mikono kiunoni namtazama,
hata ilipofika kwenye migomba ya kina Mwaipyana
ikija kwetu jani kwa jani,
na masikio yangu haya mazima, mawili, ya bure,
ndiyo kwanza yanasikia.